Rula Yenye Matundu Mawili

Ayikoru, mwanangu,

Usiku huu mezani umeniuliza swali nami nikaomba chumvi. Ulikuwa umetoka sokoni Ggaba na kifurushi chako cha mukene, wale dagaa wakavu, cha safari. Ukasema mama anayekuuzia alikuwa anaipiga redio yake makofi kwa sababu imenyamaza ghafla, na kwamba kabla ya kunyamaza alinisikia nikimtaja binti yangu. Ukacheka. "Baba, umenisema nini tena huko redioni?" Mama yako akanitazama. Nikaomba chumvi, na mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Sasa nyinyi wawili mko chumbani mnabishana kuhusu masufuria. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unasema Mwanza wanauza masufuria. Mambo ya njiani ameshakuambia yote: pasipoti ikae wapi, shangazi yupi apigiwe simu, na kwamba pale mpakani Mutukula asikubebee mtu begi. Mimi sina la kuongeza juu ya hayo. Nimebaki na jibu la swali lako, na nimeona nikiandika nitalimaliza, maana nikikutazama usoni nitaligeuza kuwa hotuba. Unanijua. Kampala inanijua. Nimebishana na mawaziri, na mapadri, na masheikh, na walimu wa chuo kikuu waliokuja na vitabu vyao nami nikaja na vyangu. Sijawahi kukosa neno ila mara mbili, na mara zote mbili neno lililohitajika lilikuwa la kukutetea wewe.

Watu wanasema unaondoka kwa kuwa umepata kazi nzuri, kufunga mitambo katika hospitali kule ng'ambo ya ziwa. Kazi ni nzuri kweli. Lakini fundi aliyesoma hapa, mwenye mama hapa, anayejua kila duka la nyaya mjini, havuki mpaka kutafuta kazi kama hajafungiwa milango nyumbani. Umefungiwa. Wanasema wewe ndiye yule binti aliyefanya kazi mbovu redioni kwetu Bukoto mpaka mwanamke akaungua mkono. Na hujawahi kuwajibu. Nilidhani hujibu kwa kuwa hukuumia sana. Ona jinsi mtu aliyesoma vitabu vingi anavyoweza kuwa mjinga nyumbani kwake.

Ngoja nianzie kambini. Si kwa kujitetea. Nataka ujue kitu hicho kilitoka wapi, kwa sababu umerithi pua yangu na huenda umerithi na hiki.

Unajua nilikulia kambi ya jeshi ya Makindye, mtoto wa sajini kutoka Arua. Kiswahili kilikuwa lugha ya foleni ya bomba, ya kugombana, ya kuuziana mandazi, ya msiba. Na redio kambini haikuwa burudani. Redio ikikatika ghafla, au ikiamka asubuhi inapiga bendi ya jeshi, mama zetu hawakuuliza swali. Waliepua chungu, wakafunga godoro kwa kanga, wakatuhesabu. Kimya cha redio maana yake serikali imeanguka na baba zetu hatujui waliko. Nilikijua kimya hicho kabla sijajua kusoma. Mara ya mwisho kilipokuja, baba hakurudi.

Vita vilipokwisha nilikuwa kijana, nikatoka kwenda mjini kutafuta maisha, nikakuta lugha yangu, kwa kuwa wanajeshi waliopora watu walikuwa wakiisema, imegeuka jina la mwizi. Nilimwuliza mwanamke mmoja bei ya ndizi, kwa adabu zote, kwa Kiswahili. Akawavuta watoto wake nyuma ya gauni lake. Hakunitukana. Aliwavuta tu watoto. Siku ile niliapa kwamba nitasema Kiswahili mpaka watoto wa Kampala waache kukiogopa, na kwamba hakuna mtu atakayeninyamazisha. Kiapo cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili ndicho kilichotuletea haya. Nilikiamini mpaka nikafika mahali ambapo kila anayeniambia "ngoja kidogo, nyamaza kidogo" nilimwona ni mwanajeshi anayekuja kufunga kituo.

Hata aliyeniambia alipokuwa ni mtoto wangu, ameshika bisibisi.

Redio yetu ya Bukoto umeijua tangu ilipoanza, vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Ile raki ya mitambo, fremu ya chuma ndefu kama kabati lisilo na mlango, ilisimama katika uchochoro nyuma ya ukuta wa studio. Kwa joto la mle ndani, mfuniko mkubwa wa nyuma ulitolewa zamani na haukurudishwa. Mgongo wa raki ukawa wazi, nyaya zikining'inia, na ubavuni, usawa wa kiuno, ule mstari wa temino za shaba zinazogawa umeme kwa kila mtambo. Wewe unazijua kwa kazi. Mimi nilizijua kama mtu anavyojua meno ya mbwa wa jirani: yapo, hayajaning'ata.

Temino hizo zilikuwa na kifuniko chake. Ukanda wa plastiki ngumu, unaopitisha nuru, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, wenye matundu mawili ya skrubu na alama ndogo ya radi. Fundi mmoja wa zamani alikitoa akakiacha dirishani. Mimi nikakiona, nisijue ni cha nini. Nilikuwa nakata magazeti kila siku kwa ajili ya kipindi, na mkasi ulikuwa unapotea kila siku. Nikajaribu kuchana gazeti kwa kulibana na kile kiplastiki. Lilichanika vizuri kama limekatwa kwa wembe. Tangu siku hiyo kikawa rula yangu. Nilikizungushia utepe wa gundi upande mmoja kiwe na mshikio, wino wa magazeti ukakipaka weusi, na studio nzima wakakiita rula ya Mzee. Nilikipiga mezani nikimjibu mgeni mkaidi. Wasikilizaji walikuwa wanapiga simu wanasema, "Mzee, leo tumeisikia rula."

Kisha mgao wa umeme ukawa mbaya, ukaitwa wewe utufungie inveta na betri za kuendesha redio umeme ukikatika. Nilikupigania upewe kazi hiyo na nilijivuna hadharani. Ukafunga kila kitu vizuri. Jumamosi ile, zikiwa zimebaki saa chache kabla ya mjadala wangu niliouandaa kwa muda mrefu, juu ya Kiswahili kufundishwa shuleni, ukatoka kwenye uchochoro unajifuta mikono, ukasema, "Siwashi."

Nakumbuka kila neno. Nilijitahidi kusahau, sikuweza.

"Huwashi kwa nini? Si umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba. Lakini temino za pale ubavuni ziko wazi. Kifuniko kiko wapi?"

Meneja wetu Ssalongo akajibu kutoka mlangoni, "Ile kitu ilipotea zamani, nyabo. Na hapana mtu alikufa."

"Hakufa kwa sababu ya mazoea yenu, Ssalongo. Hapa mnapangusa vumbi na kuvuta nyaya umeme ukipotea, si ndiyo? Umeme ukipotea kila mtu anakimbilia nyuma ya raki na kitambaa, kwa sababu hamtaki kuzima redio ikiwa hewani."

"Ndiyo. Ni akili hiyo."

"Ilikuwa akili mpaka leo. Nikiwasha hii inveta, taa zitazimika, feni itazimika, lakini hapa nyuma patabaki na moto uleule wa umeme. Mtu ataona giza, atasema umeme hauko, ataingiza mkono."

Ukaomba redio ibaki imezimwa, maana nyaya zake zote sasa zilipita kwenye inveta, mpaka Jumatatu, maduka yafunguliwe, ukatafute plastiki ya kukata kifuniko kipya. Siku moja na nusu ya kimya. Hukuomba kitu kingine.

Na mimi, mwanangu, sikukujibu kama baba wala kama mtu anayeuliza apate kujua. Nilikujibu kama ninavyomjibu mgeni wa kipindi. Nilisimama mbele ya watu wote, nikiwa na rula mkononi, nikazielekeza zile temino kwa rula hiyohiyo, nikasema, "Jamani, tazameni. Nimesomesha mtoto ili aje aogope skrubu!" Wakacheka. Nikaona wamecheka, nikaongeza. Nikasema wakoloni walitunyima lugha, majenerali wakaichafua, na leo, siku tunayoirudisha shuleni, injinia wa nyumbani mwangu anataka kuizima kwa sababu ya plastiki.

Ukasema taratibu, "Baba, umeme hausikilizi hoja."

Nilicheka kuliko wote.

Ssalongo akauliza, "Basi nani nawasha?" Ukaiweka bisibisi juu ya betri, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nikapita mbele yako, nikabonyeza swichi mimi mwenyewe. Taa za kijani zikawaka. Watu wakapiga makofi. Wewe ukachukua kipande cha boksi, ukaandika USIGUSE, ukakibandika kwa gundi juu ya temino, ukaenda zako kwa miguu hata lifti ya pikipiki ukaikataa. Joto la uchochoro ule lilibandua boksi lako kabla wiki haijaisha. Niliona limeanguka. Nililiruka.

Mama Furaha unampenda, najua. Mkongomani wa Bukavu, msoma salamu wetu wa jioni, na mchana msusi pale Makindye, ambaye vidole vyake vilikuwa vinasuka huku macho yakitazama sinema. Siku mgao ulipokuja, alifanya alichokifanya miaka yote. Taa zikazimika, akasema, "Haya, umeme imekwenda, tusafishe," akachukua kitambaa chake akaingia nyuma. Mimi nilikuwa hewani, maana redio haikuzimika. Inveta yako ilifanya kazi yake sawasawa. Nilisikia kitu kimeanguka nyuma ya ukuta, kizito, kama gunia la mkaa linaposhushwa. Nilikuwa katikati ya sentensi.

Niliimaliza, Ayikoru. Niliimaliza sentensi ndipo nikainuka. Nadhani ilikuwa sentensi nzuri. Leo siikumbuki hata neno moja.

Aliishi, Mungu ashukuriwe. Mkono wa kulia uliungua, na vidole viwili mpaka leo havikunji. Msusi asiyekunja vidole.

Mwenye kituo, Hajji, akaitisha mkutano. Tulikaa kuizunguka ile meza ya magazeti. Wewe hukuitwa. Hajji akauliza nani alifunga umeme huu na kuacha temino wazi. Ssalongo akatazama viatu vyake. "Injinia ni mtoto ya Mzee," akasema. Hajji akanigeukia. Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu angekuwa mkali ningejua la kufanya. Akasema, "Mzee, pole. Watoto wa siku hizi wana haraka. Lakini hicho kifuniko kingekuwepo, tusingekuwa hapa. Kilikwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshika rula. Kidole changu kilikuwa kinachezea tundu la skrubu, kama kilivyokuwa kinalichezea miezi yote ile. Nikaangalia chini. Chini ya weusi wa wino nikaona alama ya radi.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyokosa neno. Naapa kwamba kabla ya dakika ile sikujua. Lakini kuanzia dakika ile nilijua, na mdomo huu ulionipa jina haukufunguka. Niliitelezesha rula katikati ya magazeti, magazeti nikayatia begini, na Hajji akasema, "Tumwachie Mungu," wakaandika kwamba kazi ilifanywa vibaya na fundi. Kufikia mwisho wa mwezi mafundi wote wa mjini walikuwa wameshasimuliana.

Ya pili unaijua, maana ulikuwepo. Ulimpikia Mama Furaha supu ya mifupa, ukanibembeleza nikusindikize. Nilisimama mlangoni na mkate mkononi. Alikuwa amekaa mkekani, bandeji mpaka kiwiko. Akakutazama ukimmiminia. Akasema, "Weye mutoto, nilikuwa naamini we unajua hii kazi. Juu ya nini uliniacha hivi?"

Ukapiga magoti. Ukasema, "Nisamehe, Mama."

Ulinitazama? Nimejiuliza kila siku kama ulinitazama. Nafikiri hukunitazama, kwa makusudi, ili usinilazimishe. Ulijua ni nani aliyebonyeza swichi. Ungesema neno moja tu. Ulilimeza kwa ajili yangu, na mimi niliyesimama mlangoni na mkate nikasema, "Mama Furaha, pole sana," kama mpita njia.

Nimesoma mengi kuhusu watu waonevu. Nimewaandika, nimewatangaza, nimewadhihaki. Nilikuwa nadhani mwonevu anajitambua, kwamba kuna saa anakaa akaamua. Sikuamua. Nilinyamaza kidogo mezani, nikanyamaza kidogo mlangoni, na kila kimya kikawa kigumu kukivunja kuliko kilichotangulia, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kile cha kwanza. Huko uendako utakuta wakubwa wa namna yangu. Hawatakuwa na pembe. Watakuwa wacheshi, watakuwa na haraka ya jambo jema kabisa, na watakufanya uone haya kuonekana mwoga. Ulikuwa sahihi siku ile bila ya kupaza sauti. Mimi nilipaza sauti maisha yangu yote, nikadhani ndio usahihi wenyewe.

Sasa nikuambie ya juzi. Nilikukuta barazani umekaa na jiko la mkaa, unakata plastiki inayopitisha nuru vipande virefu na vifupi, unachoma msumari motoni, unatoboa. Tundu huku, tundu huku. Nikauliza hivyo ni nini.

"Vifuniko, Baba. Huko niendako sitamwuliza mtu kifuniko kiko wapi."

Ukasema bila kinyongo, huku ukipuliza msumari. Nikasimama pale nikivihesabu, nikashindwa kufika mwisho. Binti anaondoka nchini kwake na begi la vifuniko kwa sababu ya kimoja alichonyimwa, na hicho kimoja kiko chumbani kwa baba yake, ndani ya magazeti ya zamani. Nilikwenda nikakitoa. Nikakiosha kwa mafuta ya taa mpaka wino ukatoka. Kumbe kilikuwa safi kama kioo.

Leo asubuhi nilikipeleka Makindye. Mama Furaha alikuwa kibarazani, anamwelekeza msichana mwingine kusuka, "vuta, vuta, si kamba ya mbuzi hiyo, lakini vuta." Nikaketi kwenye ngazi, chini yake. Nikamwekea kifuniko miguuni, nikamwambia yote: kilikuwa nini, kilikuwa wapi, nani alikataa kuwasha, nani aliwasha, nani alinyamaza. Msichana akaacha kusuka.

Mama Furaha akasema, "Mzee, weye uko na mudomo ya kusema juu ya serikali. Juu ya padri. Juu ya mbwa ya jirani. Ile siku mudomo ilikwenda wapi?"

Nikaanza kulia. Akanikatiza. "Hapana! Usinililie hapa. Mi nakataa. Mukono ni yangu, machozi itakuwa ya nani?" Kisha akasema, taratibu zaidi, "Ule mutoto alinipigia magoti. Nilimutukana moyoni kila nikishindwa kufunga kifungo. Enda. Sema kwenye redio, si kwa ngazi yangu. Mi niko na redio."

Hakunisamehe. Sikuenda kuomba hilo, au nilikuwa nimeenda kuliomba na aliona. Kwako pia siombi. Ukinisamehe kwa sababu ni usiku wa kuagana na baba ameandika barua, utakuwa umenimezea neno kwa mara nyingine. Kaa na hasira yako mpaka uione mwenyewe kama una haja nayo.

Jioni nikaingia kazini. Kipindi kilikuwa na mada yake, sikuigusa. Nikaweka kifuniko mezani, nikakisimulia kipaza sauti kisa kizima kwa maneno mafupi. Nikasema: kazi ya binti yangu Ayikoru ilikuwa kazi safi. Alikataa kuwasha, nikamcheka, nikawasha mimi. Kifuniko kilichokosekana mlikuwa mnakisikia kila siku nikikigonga mezani. Mama Furaha anasikiliza. Yeye ndiye aliyelipa. Aliyemsema vibaya binti huyu mjini alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi, kwa kunyamaza.

Halafu nikasema, sasa tunazima redio.

Ssalongo aliingia mbio. "Mzee, unafanya nini? Ledio haiwezi kufa katikati ya kipindi! Hajji atanichinja mimi, si wewe!"

"Iache ife kidogo, Ssalongo. Itafufuka."

Nilimwita fundi wa jengo, kijana wa pale chini, kwenye duka la magodoro, maana nimejifunza kwamba kukiri kosa hakunifanyi fundi. Nikamwambia ulivyoniambia wewe Jumamosi ile, nilipokuwa nakusikiliza kwa ajili ya kukujibu tu: umeme wa nje uzimwe, kisha inveta, kisha betri zitenganishwe, kisha ipimwe kama kweli imekufa, na mtu asiamini giza. Taa za kijani zikafa moja moja. Feni za mitambo zikapunguza pumzi mpaka zikasimama. Sijawahi kukisikia chumba kile hivyo. Kwa dakika kadhaa nilikuwa mtoto wa kambini anayesubiri mama afunge godoro. Nikasimama nimeshika tochi, fundi akapanga kifuniko juu ya temino. Matundu yakakaa mahali pake sawasawa. Akakaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili.

Hakuna serikali iliyoanguka.

Nje dirishani nilisikia Bukoto: mtu anamwita mtoto wake aje kuoga, pikipiki, mwanamke anacheka. Vyote hivyo vilikuwepo kila jioni nikiwa naongea. Sijui Hajji ataniambia nini kesho, na huenda sina kipindi tena. Nimemwandikia pia kwa mkono wangu, nikamwomba awapelekee barua hiyo mafundi wote waliosimuliwa vibaya juu yako, na nakala amepewa mama yako aiweke kwenye begi lako la juu. Mwanza wakiuliza, waonyeshe. Watakucheka kwa Kiswahili chetu cha kambini, waache wacheke. Lakini kazi yako wasiicheke kwa sababu yangu.

Basi hilo ndilo jibu la mezani, mwanangu. Nilikutaja ili nikurudishie jina. Na kile kimya ulichokikuta Ggaba, mama wa mukene akaipiga redio yake makofi akidhani imeharibika, hakikuwa cha redio mbovu. Ni kile kimya ulichoniomba Jumamosi ile. Nimechelewa kukupa.

Nasikia mmeafikiana sufuria moja.

Baba yako